Mlango wa tangi ukikataa kufunguka

Wateja wengi wanaoletwa kwenye gereji yetu hapa Grogan, Nairobi, na mlango wa tangi la mafuta uliogoma huwa tayari wameuchokonoa kwa bisibisi. Tafadhali msifanye hivyo. Rangi inachubuka, kutu inaingia, na shida yenyewe mara nyingi ni ndogo.

Magari mengi ya kutoka Japani yana wenzo mdogo sakafuni, kando ya kiti cha dereva. Ukiuvuta, waya uliopita chini ya zulia hadi nyuma unarudisha kipini kinachoshika mlango, na springi inausukuma nje. Vumbi na matope vikijaa pale, kipini kinakwama. Mwambie mwenzako aubonyeze mlango kwa kiganja huku wewe ukivuta wenzo. Kipini kinapata nafasi ya kurudi. Ukishafunguka, safisha, tia grisi kidogo.

Mengine yana mota ndogo inayofuata kufuli za milango. Hiyo ikifa, angalia ndani ya buti, upande wa tangi: baadhi ya magari yana kamba ya dharura nyuma ya kitambaa. Naipenda sana kamba hiyo. Aliyeiweka alimfikiria dereva aliyeishiwa mafuta usiku.

Ford nao walileta mfumo usio na kifuniko cha kuzungusha, ukaonekana kwenye magari ya 2008. Pua ya pampu inafungua kilango cha springi, ukiitoa, kinajifunga. Ila kwa jerikeni, tumia faneli iliyokuja na gari.