Tanga 1914 mezani: nyuki waje mwisho

Wengi wakitengeneza mchezo wa vita wa Tanga, Novemba 1914, huanza na nyuki waliowavamia askari katikati ya mapigano. Ni kosa. Kilichoamua pambano lile ni muda na reli.

Waingereza walifika na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliishia na kama 1,000. Ukihesabu vichwa tu, Mwingereza atashinda kila mara. Kwa hiyo zamu ya kwanza mpe Mjerumani kombania moja mjini, nyingine ziingie kwa treni kutoka Moshi. Mwingereza naye, kabla ya kushuka Ras Kasone, rasi iliyo karibu na mji, apoteze zamu mbili: ya onyo la kujisalimisha, na ya kutafuta mabomu baharini.

Kete za Mjerumani ziwekwe kifudifudi, maana vichaka na mashamba ya mpira viliziba macho. Kikosi kinachoingia vichakani kirushe dadu ya ari. Ikitoka 1 au 2, kinarudi nyuma. Ukiiacha sheria hii, wingi wa askari unameza mbinu zote.

Nyuki? Wape 6 pekee ya dadu, na wasichague upande: waliwauma hata Wajerumani kwenye bunduki zao za mtombo.