Dakika 20 za kusoma gerezani

Katika magereza mengi ya Uingereza, mambo mengi hupitia kwenye karatasi. Mfungwa anayetaka kumwona daktari, kubadilishiwa kazi au kuongeza namba ya mama yake kwenye orodha ya watu anaoruhusiwa kuwapigia simu hujaza fomu. Na kila wiki hupokea karatasi ya duka la gereza, ambayo humlazimu kujumlisha bei za sabuni, sukari na tambi ili jumla isizidi fedha alizo nazo. Asiyejua kusoma wala kuhesabu humwomba jirani amjazie, na humo ndani hisani ya namna hiyo ni rahisi kugeuka deni.

Watu hao si wachache. Ripoti ya wakaguzi wa elimu na wa magereza ya Machi 2022 ilinukuu takwimu za serikali kwamba 57% ya wafungwa watu wazima waliopimwa walikuwa chini ya kiwango cha kusoma na kuandika kinachotarajiwa kwa mtoto wa miaka 11.

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuwasaidia wafungwa wajifunze kusoma na kuhesabu, na mpango ninaouamini zaidi ni wa Shannon Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 kutokana na mapato ya kitabu cha barua walizoandikiana mkulima Christopher Morgan na Tom Shannon, mfungwa wa kifungo cha maisha. Mfungwa anayejua kusoma huketi na mwenzake asiyejua, wawili peke yao, kwa dakika kama 20 kwa siku, wakifuata vitabu vya Turning Pages vinavyoanzia kwenye sauti za herufi na vilivyotungwa kwa ajili ya watu wazima. Sisi wa kutoka nje huwaandaa na kuwatia moyo waelekezi hao. Kufundisha ni kazi yao.

Wengi wa wanafunzi hawa waliacha shule mapema au walifukuzwa, wakakua wakificha hata kwa wake zao kwamba hawajui kusoma, na darasa lenye watu kumi huwarudishia aibu ileile ya utotoni. Mbele ya mtu mmoja anayeishi ukumbi uleule wa vyumba vya wafungwa, anayekula chakula kilekile, mtu mzima anaweza kutamka silabi vibaya na kuirudia bila kuchekwa. Najua wapo wanaosema kazi hii ingefanywa na walimu waliosomea, nami nakubali kwamba mwenye disleksia, yaani tatizo la kuzaliwa nalo linalofanya kusoma kuwe kugumu, anamhitaji mwalimu wa namna hiyo; lakini mtu huyo hatafika darasani kamwe kama hakuna aliyemshika mkono kwanza. Katika hesabu nako, karatasi ya duka hufaa kuliko zoezi lolote, kwa kuwa jibu lake ana haja nalo wiki hiyohiyo.

Kinachoniumiza ni milango. Askari wakipungua, wafungwa hubaki vyumbani, na somo la siku hiyo hufutwa kabla ya jambo lingine lolote. Ningependa kila mkuu wa gereza aziandike dakika hizo 20 kwenye ratiba ya ukumbi, pamoja na chakula na dawa, na amtaje kwa jina askari atakayefungua mlango.