Jedwali langu la rangi na swali la ami

Watu wa Lamu huniuliza mie Juba nilikuwa nafanya nini haswa, manake "mshauri wa serikali" yasikika kama kazi ya kukaa hotelini na kunywa juisi, na kusema kweli miezi ya kwanza ndo ilivokuwa. Nilitumwa 2019 kusaidia mambo ya kipindi cha mpito Sudan Kusini. Mkataba wa amani ulishatiwa saini Addis Ababa Septemba 2018 na serikali ya umoja ilitakiwa iundwe ndani ya miezi 8, ikapita, wakaongeza 6, ikapita, wakaongeza siku 100.

Mie nilikuja na jedwali langu la rangi. Mawaziri 35, upande wa Rais Kiir 20, wa Machar, kiongozi wa waasi, 9, waliobaki wagawane 6, na juu yao makamu wa rais watano. Kila mkutano nalitoa hilo jedwali, wakubwa wanaitikia kwa kichwa huku macho yako kwenye simu. Kiarabu changu cha chuoni nacho hakikunifaa kitu, siku ya kwanza mhudumu kaniuliza "moyo?" nikajishika kifua, kumbe kwao moyo ni maji!

Nikaja likizo. Jioni nikaketi uwanja wa Mkunguni pale Lamu na ami yangu, nahodha mstaafu wa jahazi, kahawa chungu mkononi, nikammwagia hesabu yote. Akasikiza mpaka mwisho alafu akauliza, "Na hao askari, mwanangu, wanakula kwa nani?"

Nikamwambia wataunganishwa ami, ni jeshi la watu 83,000, washaanza kukusanywa makambini.

"Sikukuuliza wangapi. Chomboni mabaharia wakigombana, nahodha ni yule alo na ufunguo wa stoo ya mchele."

Wallahi niliona haya. Niliporudi lile jedwali nililifungia kwenye droo nikaanza kuwatafuta watu wa makambini. Ofisa mmoja tulikaa naye chini ya mwembe nikamuuliza jambo moja tu, gunia la mwisho la unga lilifika lini? Akatoa mfukoni kidaftari cha shule kimekunjika, tarehe zimeandikwa kwa penseli, akanionyesha kwa kidole pengo la siku 19, na pembeni hesabu ya vijana walioondoka kambini kwenda kutafuta chakula. Usiku ule niliandika kurasa moja na nusu, tarehe za magunia huku na idadi ya vijana huku, basi. Bosi wangu, ambaye ripoti yangu ya kurasa 40 hajawahi kuitaja hata siku moja, alinipigia simu kabla ya saa mbili asubuhi.

Serikali iliundwa tarehe 22 Februari 2020, baada ya rais kukubali kutoka majimbo 32 kurudi 10, na hapo mie sina langu. Mambo ya askari yalijikokota hadi Agosti 2022 ndo kundi la kwanza likahitimu, nishaondoka kitambo. Nikampigia ami kumpa habari.

"Washalipwa mshahara?"

"Bado ami."

"Haya, nipigie wakilipwa."