Mlango wa bisi unafungukia wapi?

Mama mukubwa wangu alivunjika mguu mbele ya soko, na tangu siku ile sina amani na hii mambo. Alikuwa anatoka Katuba, amekamata mufuko wake wa lengalenga, bisi ikasimama pembeni kama kawaida, kijana wa feza akavuta mlango, mama akashusha mguu mmoja, ya pili haikufika chini. Pikipiki ilikuwa inapita bisi ku upande wa kushoto.

Sasa wote tunaoishi Lubumbashi tunajua sababu lakini hatushangae tena. Hizi Hiace zinatoka Japani, kule wanatembezea magari kushoto, kwa hiyo vola iko kuume na mlango wa abiria uko kushoto. Huku kwetu sheria ya barabara ya 1978 inasema tutembee kuume. Kwa hiyo bisi inasimama kuume ya njia, na mlango unafungukia katikati ya barabara, palepale pikipiki na taksi zinapopita mbio kabisa. Tunashushia wazee wetu na watoto wa masomo mu magari!

Niliendaka ofisi moja kuuliza: tangu mwaka uanze, mbele ya hili soko watu ngapi waliumia? Papa mwenye nilikuta pale alikuwa na heshima sana, akafungua rejista, akageuza ukurasa kwa ukurasa, nami nikaangalia juu ya bega lake. Tarehe iko, plaki iko, jina la shofere iko, faini iko. Mahali, jina la avenue tu, na ile avenue ni ndefu, inaanza huku inaishia kule. Majeruhi alikuwa anafanya nini, anavuka, anashuka, amesimama? Hakuna. Akafunga rejista, akaniambia, "mwanangu, hiyo hatuhesabuke hivyo."

Nilirudi nyumbani na hiyo sentensi mu kichwa. Usiku nikaanza kusoma raporo za ofisi ya usafiri ya jiji la New York, DOT, juu wao wanaziweka wazi kwa kila mtu. Mwaka 2010 walitoa uchunguzi wa ajali zaidi ya 7,000 zenye waliuawa ao waliumia vibaya watu wa kutembea na miguu. Wakakuta kitu: gari zenye kukata kona kushoto zinagonga watu mara tatu kupita zenye kukata kuume. Nao wanatembeza kuume kama sisi. Ukikata kushoto macho yako iko kwa gari zenye zinatoka mbele, kona ni pana unaingia na mbio, na ile nguzo ya pembeni ya kioo inakuficha mtu mwenye anavuka. Basi kuanzia 2016 wakaanza kuweka mu kona fulani vinundu vya mpira na vijiti vya plastiki, ili shofere azunguke polepole. Vinundu vya mpira, jamani, si daraja wala barabara mupya. Lakini kama hawangehesabu kona moja moja wangejuaje mahali pa kuviweka?

Kule polisi njo wanaandika ajali, na tangu 2011 sheria ya jiji inawalazimisha kutangaza kila mwezi, njia panda kwa njia panda. Ofisi ya usafiri inachukua hizo namba inatengeneza njia. Mbio ya kawaida mu jiji walishaipunguza pia, toka kilomita 48 kwa saa mpaka 40, mwezi wa kumi na moja 2014. Bado kila mwaka wanazika watu zaidi ya 200, na hiyo pia wanaiandika, hawaifiche.

Sisemi tuondoe bisi zote za vola ya kuume kesho asubuhi, familia nyingi sana zinakula pale. Lakini rejista iko tayari, bic iko tayari. Waongeze mistari mitatu tu: mahali kamili, mtu alikuwa anafanya nini, mlango ulifungukia wapi. Na bisi zipewe pa kuingilia kabisa inje ya njia, ili mtu akishuka akanyage udongo.

Mimi na mama mwenye kuuzisha makala pale kituoni tumeanza kaye yetu. Yeye anaona kuliko polisi yeyote, yuko pale tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza. Ya jana nimeiandika hivi: jioni, mvua, mtoto wa masomo, anashuka, mlango wa kushoto, pikipiki, karibu na nguzo ya umeme. Goti limekwaruzika. Mama wa makala alisema niache, mtoto aliamuka mwenyewe akaenda kwao. Nikaandika.