Jumanne yangu kati ya risiti na kasho, Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niliamka kabla ya mwanga ili niwahi teksi-basi ya kutoka Katuba. Mimi ni mtunza hesabu wa shirika dogo la haki za binadamu: watu watano, chumba kimoja cha kupanga, na ruzuku moja kutoka nje ya nchi. Kazi yetu ni kutembelea vyumba vya mahabusu katika vituo vya polisi, ambavyo huku kwetu tunaviita kasho, na kutafuta walioshikiliwa kupita muda unaoruhusiwa.

Saa mbili asubuhi. Wakili wetu alikuwa amekwisha kufika. "Yaya," neno ambalo huku kwetu humaanisha ndugu mkubwa, "nipatie pesa ya usafiri, leo nina vituo vitatu." Nilimhesabia faranga 30,000, akatia saini kwenye hati ya malipo, nami nikampa karatasi ambayo kila dereva wa pikipiki huandika jina lake, alikotoka, alikokwenda na kiasi alicholipwa, maana madereva hawana vitabu vya risiti, na mfadhili hakubali matumizi yasiyo na ushahidi. Simlaumu kwa hilo. Fedha hizo ni kodi ya watu wasiotufahamu, na karatasi hiyo ndiyo njia pekee waliyo nayo ya kutuamini.

Ugumu wenyewe uko kwenye sarafu. Bajeti yetu iliandikwa kwa dola, ilhali pikipiki, karatasi na maji ya kunywa hulipwa kwa faranga, kwa hiyo kila ninapobadilisha fedha ni lazima nihifadhi hati yenye kiwango cha siku ile, kisha nikokotoe wastani wa kipindi kizima. Mwaka 2025, faranga ilipopanda thamani na nauli zikabaki palepale, dola ileile ikawa inalipia safari chache kuliko tulivyopanga. Safari inayopungua ni kasho moja isiyotembelewa.

Saa nne. Nilijibu barua pepe ya mfadhili kuhusu fungu la mawasiliano, lililovuka kiwango bila sisi kuomba idhini. Kosa lilikuwa letu. Nilieleza na kuambatisha hati.

Watu wengi mjini hudhani kwamba fedha za namna hii hutoka mfuko mmoja. Sivyo. Uko Mfuko wa Demokrasia wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 2005 wakati Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu. Iko misaada ya Umoja wa Ulaya. Na iko National Endowment for Democracy ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1983 na kupewa fedha na Bunge la nchi hiyo. Amri ya tarehe 20 Januari 2025 iliposimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, ikafungwa tarehe 1 Julai mwaka huohuo, tuliona mashirika rafiki yakirudisha funguo za ofisi. Hata hiyo Endowment ilikwenda mahakamani Machi 2025 kudai fedha ambazo Bunge lilikuwa limekwisha kuidhinisha. Ruzuku yetu ilisalimika kwa kuwa ilitoka kwingine, na tangu hapo sijaweza kupanga mwaka mzima nikiwa na utulivu.

Saa sita mchana. Aliingia mama mmoja, muuza mboga, ambaye kijana wake alikuwa na siku ya tano kasho kwa ugomvi wa sokoni. Alikuwa ameombwa pesa ili mwanawe atoke. "Mwanangu, nisaidieni hiyo pesa, nitarudisha." Nilimwambia, "Mama, hapa hatulipi pesa ya kumtoa mtu. Tunampeleka wakili, na wakili haumlipi." Nilimsomea Ibara ya 18 ya Katiba: mtu hashikiliwi na polisi zaidi ya saa 48, ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au wakili wake, na muda ukiisha huachiwa au hupelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Tunaposhutumiwa kwamba tunafanya kazi ya Wazungu, huwa najibu kwamba ibara hiyo ilipitishwa na Wakongo wenyewe kwa kura ya maoni ya Desemba 2005. Cha kigeni hapa ni nauli tu.

Saa nane nilikula bukari (ugali) na sombe (kisamvu), nikarudi mezani.

Saa tisa alasiri. Niliendelea kujaza ombi jipya la ruzuku. Hati za usajili chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001 zilikuwa tayari. Kilichonichelewesha ni jedwali la bajeti, ambalo lilitoa nafasi pana kwa semina na nafasi finyu kwa kodi ya nyumba, mishahara na usafiri. Hapo nasema wazi: semina ya siku mbili hotelini haijawahi kumtoa mtu kasho. Anayemtoa ni wakili aliyelipwa mshahara wake, aliyefika akiwa na katiba mkononi kabla ya siku ya tatu. Niliandika hivyo katika maelezo, kwa maneno ya heshima, na nikapunguza semina kutoka nne hadi moja, ingawa najua huenda tukakosa alama.

Saa kumi na moja jioni. Wakili alirudi na vumbi mpaka kwenye kola. Wawili walikuwa wameachiwa. Kijana wa yule mama alikuwa amehamishiwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, kwa hiyo ilibidi wakili aende huko kesho yake asubuhi. Fungu la usafiri lilikuwa limebakiwa na dola 14 hadi mwisho wa mwezi. Niliandika hati ya malipo ya kesho: kwenda parke na kurudi, watu wawili, kwa sababu mama wa kijana alitaka kwenda na wakili.