Kaka amenyoa ndevu leo

Leo asubuhi kaka amenyoa ndevu mwenyewe, kisha akaniomba chai ya tangawizi. Niliingia jikoni nikalia.

Miaka mitatu tulizunguka kwa waganga. Mbuzi wawili, kuku weusi sijui wangapi, na bado alikuwa anaziba masikio kwa pamba akisema majirani wanamsema ukutani. Usiku mama alimfungia chumbani, halafu yeye akalala nje ya mlango, kwenye mkeka.

Mwaka jana tukampeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, Dodoma. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo hazipo. Ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na dawa ipo! Sasa anachoma sindano kila mwezi, na vidonge anameza saa tatu usiku mbele ya mama. Amenenepa, mikono inamtetemeka, lakini sauti zimepungua sana.

Mama amerudi kulala kitandani kwake.