Mizani ya jikoni ndiyo iliyonipa vifaranga wa Marans

Jamani ngoja niseme, maana nilishauriwa ovyo mpaka basi. Naishi Ubelgiji, uani nina kuku aina ya Leghorn weupe asili ya Italia, wanataga balaa ila kuatamia hawataki, nina Barnevelder wa Uholanzi wapole mno, na Faverolles wa Ufaransa, yule mwenye ndevu na vidole vitano. Ila roho yangu ilikuwa kwa Marans, kuku wa mji wa Marans karibu na La Rochelle, Ufaransa, ana vinyoya miguuni na yai lake rangi ya chokoleti kabisa.

Kila niliyemuuliza: "Dada, ganda la Marans gumu, jaza maji kwenye mashine ya kutotolesha kila siku." Nikanunua mayai 12, euro kama thelathini hivi, nikajaza. Siku ya 21 kimya. Ya 22 mmoja katoboa, kaishia hapo. Ya 24 nikapasua mengine, vifaranga wamekamilika, kucha zipo, manyoya yapo, wamelowa chapachapa, wamefia ndani. Nililia.

Kumbe ile rangi imepakwa juu ya ganda, yai likitoka tu bado bichi ukipitisha kidole inafutika, na ndiyo inaziba vitundu vya ganda, maji ya ndani hayatoki, halafu wewe unaongeza mengine! Ukimulika na tochi huoni kitu, yai limekoza.

Mara ya pili nikachukua mizani ya kupimia unga. Kila yai nikaliandika namba na uzito kwa penseli. Hadi siku ya 18 yai linatakiwa lipungue kama asilimia 13, yaani la gramu 70 libaki 61, kwa hiyo siku ya 9 nategemea limeshuka gramu 4 au 5. Siku ya 6 yangu yalikuwa hayajashuka hata 2, nikamwaga maji yote, nikaacha mashine kavu, joto 37.5 palepale. Yakaanza kushuka! Nilikuwa napima kabla hata ya chai. Siku ya 18 nikaacha kugeuza, hapo sasa ndiyo nikarudisha maji.

Kati ya 12 wakatoka 9. Matetea ni wanne, wameanza kutaga mwezi huu, na mayai ya mwanzo ndiyo yamekoza kuliko yote.